Nguvu, Udhaifu, Tazama Pia

Kitabu chenyewe kilifika shuleni kwetu ndani ya boksi la msaada, kimebanwa kati ya Biblia za watoto na mwongozo wa kutengeneza aina ya friji ambayo hakuna mtu wa Kanyakine amewahi kuiona. Kilikuwa kizito kama tofali. Kwenye jalada kulikuwa na watu kama arobaini hivi, wamevaa chupi juu ya suruali, wote wanakimbia kuja upande wako kana kwamba umetangaza kuna unga wa bure.

Mwalimu wa maktaba, ambaye kazi yake halisi ni kufundisha kilimo, alikigeuza huku na huku jinsi anavyokagua mche wa parachichi wenye ugonjwa.

"Hii ni nini sasa?"

"Ni kamusi, mwalimu," nikasema.

"Kamusi ya lugha gani?"

"Si ya lugha. Ya watu."

Akanitazama kuona kama namchezea. Nilikuwa namchezea, lakini pia nilikuwa nasema ukweli, na huo ndio mchezo ninaoupenda kuliko yote. Akaupulizia mhuri pumzi, akaugonga: MAREJELEO, HAKITOKI. Yaani unaweza kukisoma palepale maktabani mpaka macho yakutoke, lakini kwenda nacho nyumbani, sahau.

Nieleze kidogo, maana hata deski-meti wangu, tunayekaa naye dawati moja, ilimchukua wiki nzima kuelewa. Kile si kitabu cha hadithi. Ni kitabu kuhusu hadithi. Huko ng'ambo kuna katuni za mashujaa ambazo zimechorwa kila mwezi tangu babu zetu wakiwa hawajabalehe, na hazijaisha mpaka leo. Watu wameoana humo, wameachana, wamekufa, wamefufuka, wamepata mapacha waovu, mpaka wachoraji wenyewe wakapotea njia. Ndipo mtu akakaa chini akaandika mwongozo. Kila shujaa ana picha yake, na chini ya picha maelezo: jina halisi, urefu, nguvu, udhaifu, kundi lake, alionekana wapi kwanza. Na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: tazama pia ukurasa fulani.

Katuni zenyewe sijawahi kusoma hata moja. Hazifiki huku. Nimekaa mihula miwili nikijua ukoo mzima wa watu ambao sijawahi kusikia wakisema hata "habari". Ni kama kujua mashemeji wote wa harusi ambayo hukualikwa.

"Huyu wa mabawa alikufa?" deski-meti angeuliza, akila mahindi yake kwa siri chini ya meza.

"Alikufa mara tatu."

"Na sasa yuko wapi?"

"Yuko. Ukurasa wa tisini. Amebadilisha viatu tu."

"Na ile vita kubwa, nani alishinda?"

Hapo ndipo nilikuwa nakwama. Kurasa za ile vita kubwa zilikuwa zimechanwa. Mtu fulani, huko kilikotoka, alizichana kwa ustadi, kando ya uzi, akaenda nazo. Nilimlaani mtu huyo kila siku ya shule saa ya chakula cha mchana. Nani anachana ukurasa wa kitabu cha marejeleo? Huyo ni mtu wa kufungwa.

Siku moja deski-meti akasema, "Lakini hii mambo ya mtu kufa na mwingine kuvaa nguo zake na kuitwa jina lilelile, ni uongo mtupu."

Nikamwambia aangalie rejista ya darasa letu. Tuko wavulana watano wenye jina moja, na wote tulilirithi kwa babu ambao wako kaburini. Kwetu jina halizikwi. Babu akiondoka, mjukuu analivaa. Mimi mwenyewe nimevaa la baba ya baba yangu, na shosho yangu, yaani mjane wake, hajawahi kuniita mjukuu hata siku moja. Ananiita "mzee wangu". Nikichelewa kumkatia ng'ombe majani, ananiambia mbele ya watu, "Mzee wangu, hata ulipokuwa hai ulikuwa mvivu hivi hivi."

Deski-meti alicheka mpaka mahindi yakamtoka puani. Lakini mimi nilikuwa tayari nimeshikwa. Nilirudi nyumbani nikiwatazama watu wangu kwa jicho jipya. Hadithi ndefu isiyoisha, watu wanaingia na kutoka, hakuna anayekumbuka nani alimkosea nani kwanza. Kilichokuwa kinakosekana ni mwongozo.

Basi nikautengeneza.

Mama ana albamu mbili za picha, zote alipewa na studio moja ya Nkubu, za rangi moja na jalada moja: maporomoko ya maji na bata wazungu wawili wakiangaliana. Moja imejaa. Nyingine ilikuwa tupu, ile ya kurasa za gundi zenye plastiki juu. Picha nilizipata kwenye kopo la kahawa juu ya kabati. Kila nyumba ina kopo kama hilo. Ukipigwa picha za pasipoti unapewa nne, unatumia mbili, hizo zingine mbili hutupi kwa sababu ni uso wako. Kwetu kulikuwa na nyuso za ukoo mzima, wote wamekasirikia kamera. Nilizibandika, halafu chini ya kila kichwa nikachora mwili: misuli, buti, na leso ya mama ikipepea mgongoni. Majina halisi sikuandika, kwa sababu shujaa anafichwa utambulisho, na pia kwa sababu sikutaka kuuawa. Hata hapa sitayataja, kwa sababu hiyo ya pili.

Baba, ambaye anaendesha kombaini kwenye mashamba ya ngano ya Timau na kurudi kwetu Jumamosi, nilimwandikia: *Nguvu: anaweza kusikia injini inayougua ikiwa kilima cha tatu. Udhaifu: hawezi kusikia mama akimwita akiwa jikoni.*

Baba mkubwa, ndugu yake, msemaji wa ukoo katika kila shughuli: *Nguvu: kulala akiwa amesimama. Ameshuhudiwa akilala katikati ya sentensi yake mwenyewe na kuamka kwenye nukta. Udhaifu: mtu akimpa nafasi ya kuongea.*

Shangazi: *Nguvu: kuombea chakula mpaka kipoe. Udhaifu: hakuna aliyewahi kufika mwisho wa ombi akajua.*

Shosho: *Umri: siri ya serikali. Nguvu: kunyamazisha mbwa kwa jicho moja. Udhaifu: peremende. Hunywa chai bila sukari mbele ya watu, kwa sababu ya daktari, akiwa na peremende shavuni.*

Mama: *Nguvu: kuona kupitia ukuta. Anajua maziwa yamepungua kabla hayajapungua. Udhaifu: wageni. Akiona mgeni, akili yake huondoka na mikono hubaki ikifanya kazi peke yake: kiti, albamu, chai.*

Nawaomba mkumbuke hiyo ya mama. Niliiandika mwenyewe, kwa mkono wangu, na bado sikuona mbele.

Dada yangu nilimpa ukurasa mzima. Yeye ndiye wa kwanza kwetu, ana miaka ishirini na minne, na anauza katika duka la dawa za mifugo mjini Embu, ila kila wikendi huja nyumbani. Huko dukani ndiko alikokutana na kijana mmoja wa Mbeere, kule chini kwenye joto, anayefuga mbuzi. Kijana alikuja kununua dawa ya minyoo. Wiki iliyofuata akaja tena kununua dawa ya minyoo. Alikuja mara nyingi sana. Hakuna mbuzi duniani mwenye minyoo kiasi hicho.

Ukurasa wa dada ulisema anakoroma, ulisema ana sauti ya kuita ng'ombe aliye kata nyingine, na kwenye udhaifu nikaandika hivi: *Simu. Ikilia na akiwa ni yule wa mbuzi, chapati iliyo kwenye kikaango huungua. Imethibitishwa mara sita. Ushahidi: tazama hapa chini.* Na hapo chini, ndani ya plastiki, nikaweka kipande cha chapati, cheusi tititi, nilichokichukua jikoni wakati wa simu ya tano. Mwongozo wa kweli lazima uwe na ushahidi.

Halafu ile siku ikapangwa. Watu wa Mbeere walikuwa waje kwetu kujitambulisha, kikao cha kwanza kabisa, kabla ya mazungumzo mengine yoyote.

Dada aliniita nyuma ya zizi la ng'ombe, mahali tunapoongea mambo mazito. Hakuwa anacheka.

"Sikiza. Huyu kijana amelelewa na shosho yake. Hana mama, hana baba. Na huyo shosho hataki."

"Hataki nini? Hajakuona."

"Binamu yake alioa msichana wa huku juu. Msichana alishuka, akaona vumbi, akaona joto, akakaa mwezi mmoja akarudi kwao. Sasa shosho anasema wasichana wa mlimani wanapenda kijana akiwa mjini, si kwao. Anakuja kunitazama usoni. Akiondoka hapa akiwa na shaka, hakuna kikao cha pili. Ameapa." Akanishika sikio, lakini polepole. "Siku moja tu, nakuomba. Usiwe wewe."

"Niwe nani?"

"Mtu yeyote. Kuwa kiti."

Nikaahidi kuwa kiti. Na nilimaanisha. Asubuhi ya siku ile nilichukua ule mwongozo nikauweka kwenye kabati la sebuleni, chini kabisa, na juu yake nikaweka ile albamu safi, na juu ya zote nikatandaza kitambaa cha kushonwa. Nikasimama nyuma nikajipongeza. Kiti cha maana kabisa.

Ulikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba kwetu jua huwa ni uvumi. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba kama hauna kwao. Wageni walishuka kwenye gari wakiwa wamejifunga kila kitu walichonacho. Mzee wao msemaji alikuwa amevaa sweta lililoandikwa "Bibi Harusi Mtarajiwa" kwa Kiingereza, na ilikuwa wazi hajui. Kijana mwenyewe alikuwa amevaa makoti mawili. Na shosho yake, mdogo, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, aliingia akitazama kila kitu: sakafu, dari, viatu vyangu. Hakutabasamu. Alikaa kwenye sofa kama mtu aliyekaa mahakamani.

Mzee wao akatoa muguka mfukoni, majani ya kutafuna ya kwao, kwa heshima. Baba mkubwa akatoa miraa mfukoni, vijiti vya kutafuna vya kwetu, kwa heshima. Wakatazamana kama mashabiki wa timu mbili waliokutana kwa kinyozi mmoja. Kila mmoja akarudisha chake.

Mimi nilitumwa jikoni kuleta chupa ya chai. Nilienda nikarudi, haikuwa hata dakika tatu. Na niliporudi, niliona bata wazungu. Bata wawili, wakiangaliana, mikononi mwa mzee wa sweta. Na bata wengine wawili, wakiangaliana, juu ya magoti ya yule shosho.

Mama alikuwa ametoa zote mbili. Kiti, albamu, chai.

Niliweka chupa mezani. Nilimwangalia mama, alikuwa anatabasamu ukutani, akili haipo. Nikapiga hatua hadi kwenye sofa, nikainama vizuri kama mtoto wa kanisa.

"Shosho, nikusaidie kubeba hiyo? Ni nzito."

"Si nzito."

"Kuna ile ingine, ina picha za harusi. Ni nzuri zaidi."

"Hii naipenda," akasema, na kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya baba mkubwa. Akainua macho juu ya miwani. "Wewe kaa chini."

Nikakaa. Kiti kikakaa kwenye kiti.

Akasoma taratibu, midomo ikisogea. Halafu akamgusa mzee wa sweta kwa kiwiko. Mzee akaacha albamu yake, akainama kwake. Nikaona mabega ya mzee yakiruka mara moja, kama mtu aliyepata kwikwi. Na wakati huohuo, baba mkubwa akasimama kutambulisha ukoo.

Kama hujawahi kuhudhuria shughuli ya namna hii, nikwambie: wakati wa kutambulishana hakuna mtu mwenye kasoro. Kila mtu ni mchapakazi, kila mtu anaamka mapema, kila mtu anamcha Mungu. Ni kama kusoma mwongozo uliochanwa sehemu ya udhaifu yote.

"Mimi," baba mkubwa akaanza, "ni mtu wa macho. Katika ukoo huu, mimi ndiye mlinzi. Hakuna kinachonipita. Baba yangu alipoondoka aliniambia, mwanangu, usi..."

Na hapo, mbele ya Mungu na wageni, akalala. Alisimama wima, mkono juu, kidole kimeinuliwa. Sisi tumezoea, huwa tunasubiri tu. Lakini wale wawili kwenye sofa walikuwa wamejikunja. Mzee alikuwa ameingiza uso mzima ndani ya kola ya sweta.

"...silale," baba mkubwa akamaliza, akaendelea.

Albamu ikapita kwa wageni wengine. Ilipita chini kwa chini, kama karatasi ya majibu darasani. Baba akatambulishwa kuwa mtu wa kusikiliza sana, na papo hapo mama akawa anamwita kutoka mlangoni, "Baba nani! Baba nani!" naye anatazama mbele, mtulivu kama jiwe. Sofa nzima ikatetemeka. Mwanamke mmoja wa Mbeere alitoa sauti kama birika.

Mama akaniita kando. Uso wake ulikuwa umejaa huruma.

"Hawa watu wanaganda. Ona wanavyotetemeka. Leta blanketi."

Nikaleta blanketi. Nikawafunika mmoja mmoja, kwa adabu, na kila niliyemfunika alizidi kutetemeka. Yule kijana wa mbuzi alinishika mkono chini ya blanketi akaninong'oneza, machozi machoni, "Buda, ukurasa wangu uko wapi?"

"Wewe hujathibitishwa bado," nikamjibu.

Lakini shosho wake alikuwa ameacha kucheka. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Albamu ilikuwa imemrudia, na alikuwa amefika ukurasa wa dada. Alikuwa ametulia kabisa, kidole juu ya plastiki, na uso wake ulikuwa umerudi mahakamani.

Shangazi akaombea chakula. Sitasema mengi. Alianza na uumbaji. Alipofika kwa manabii wadogo, nilifungua jicho moja nikamwona mzee wa sweta naye amefungua jicho moja, anatazama mvuke wa pilau ukipungua, ukipungua, ukiisha. Alipotikisa kichwa kuniambia "umeandika kweli", nilijua nimekwisha.

"Amina," wakasema wageni wote, kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Chai ikamiminwa. Shosho wetu, aliyekaa mkabala na shosho wao, akapokea kikombe chake na kutangaza, kama kawaida, "Mimi bila sukari. Daktari alikataza."

Shosho wao akainama mbele. Ilikuwa mara ya kwanza anaongea mbele ya wote.

"Mama," akasema, "ni shavu la kulia ama la kushoto?"

Shosho wetu alimtazama kwa lile jicho la mbwa. Shosho wao hakupepesa. Wakakaa hivyo, wanawake wawili ambao jumla ya miaka yao ni siri ya serikali mbili. Kisha tukasikia sauti ndogo, kitu kigumu kikigonga jino, kikihama upande.

"La kushoto," shosho akasema. "Nani amekwambia?"

Shosho wao akainua albamu. Mama akawaona bata. Akaangalia kabati. Akaangalia mikono yake mwenyewe. Halafu, bila kugeuza shingo, akaniangalia mimi, na nilihisi ukuta wa nyuma yangu ukipata tundu.

Na ndipo dada akaingia na sinia ya chapati.

Aliona albamu, aliona uso wa mama, aliniona mimi. Alielewa yote kwa mara moja. Sisi ni ndugu. Hakupiga kelele. Sinia ilianza tu kuinama, na kijana wa mbuzi akaruka na blanketi lake na kuishika. Dada alikuwa ananitazama mimi, si kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyeomba kitu kimoja tu.

Sikuwa na mzaha wowote mdomoni.

"Wewe msichana, njoo hapa," shosho wao akasema, akipapasa sofa. Dada akakaa. Kidole kikaonyesha. "Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, shosho. Ni ndugu yangu mjinga ame..."

"Hii nyeusi ni nini?"

Dada akaangalia ndani ya plastiki. Hakuwa ameiona kamwe. Akafunga macho.

"Ni chapati, shosho."

"Ya lini?"

"Sijui."

"Ya mwezi wa tano," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mbuzi. "Siku ile mvua ilinyesha huko kwenu baada ya kukauka sana. Kijana alimpigia simu kumwambia. Walicheka kwa simu mpaka jiko likajaa moshi. Dada aliuliza kuhusu maharagwe yenu, shosho. Aliuliza kama wewe umepanda."

Shosho wao alifungua plastiki. Ikalia ile sauti ya gundi. Akaitoa chapati, akaigonga kwa kucha, akainusa. Tulikuwa watu kama ishirini mle ndani tukimtazama mwanamke mzee akinusa mkaa.

"Aliuliza nimepanda?"

"Aliuliza mara mbili," akasema kijana, bado ameshika sinia.

Shosho akaizungusha ile chapati mbele ya mwanga wa dirisha.

"Nilikuja na swali moja," akasema. "Barabara yote nimekuwa nikijiuliza nitaliulizaje bila kumtukana mtu kwake. Sasa naona hata siliulizi." Akamgeukia dada. "Kule kwangu ni joto. Nakuambia mapema. Ni joto mbaya."

"Najua, shosho."

"Na vumbi."

"Najua."

"Kama ungekuwa humtaki, hizi chapati zingekuwa nzuri," akasema, na akampiga dada kofi la paja, na hapo ndipo alipocheka waziwazi. Alikuwa na meno manne na alitumia yote.

Mzee wa sweta akasimama. Alikuwa na karatasi ya utambulisho, imeandikwa vizuri, wachapakazi watupu. Akaikunja akaitia mfukoni.

"Sasa sisi tutafanya aje?" akasema. "Nyinyi mmejivua nguo, sisi tukae na koti? Hapana. Huyu ni kijana wetu. Nguvu: mbuzi akilia gizani, anamjua kwa jina. Udhaifu: amewanywesha dawa ya minyoo mpaka sasa wakimwona wanapanda miti. Mimi hapa ni msemaji. Nguvu: sauti. Udhaifu: sweta si langu, na tangu niingie kuna watu wanasoma kifua changu wakicheka na hakuna anayeniambia."

Baba ndiye aliyemwambia. Inaonekana hilo alikuwa amelisoma.

Kikao cha pili kikapangwa palepale, kabla pilau haijaisha. Walipokuwa wanaondoka, shosho wao aliomba kitu kimoja. Aliomba ukurasa wa dada. Nikauchana mwenyewe, kando ya uzi, kwa ustadi. Akaufunga ndani ya leso pamoja na ile chapati, akasema ataiweka mahali ambapo binamu wa kijana ataiona. Nilipomkabidhi, nilimkumbuka yule mtu wa ng'ambo aliyechana kurasa za ile vita kubwa. Nimeacha kumlaani.

Adhabu yangu ilikuwa sufuria zote, na mama alisema zote, hata zile ambazo hazikutumika. Alisimama mlangoni akizihesabu.

"Umesema naona kupitia ukuta," akasema. "Basi usifiche hiyo yenye ukoko nyuma ya pipa."

Ilikuwa nyuma ya pipa.

Dada alipita mara moja. Aliokota sufuria moja, akaikausha, akaiweka chini.

"Mimi sikoromi."

"Ni utafiti."

"Ulikuwa uwe kiti."

"Kiti kilijaribu."

Akanimwagia maji ya povu kichwani, akaenda zake.

Jioni nilipoenda kurudisha mwongozo kabatini, nilifungua pale ulipokuwa ukurasa wa dada, kuona umeacha pengo gani. Kile kitabu cha ng'ambo, katika mashujaa wote, hakina ukurasa wa aliyeandika mwongozo. Huyo huwa hayupo. Kwa hiyo sikuwa nimejipa ukurasa, na sikuwa nimekusudia. Lakini kwenye pengo lile kulikuwa na karatasi mpya, na picha yangu ya pasipoti, ile ya kidato cha kwanza ambayo masikio yamesimama. Mwili ulikuwa umechorwa vibaya sana: leso, buti, na miguu kama ya kuku. Mwandiko ulikuwa wa dada.

*Jina: Babu wa Pili. Kundi: letu. Nguvu: mdomo. Urefu: bado. Udhaifu: dada yake akiolewa, atakosa wa kumchokoza, na hatasema. Tazama pia: Mbeere, likizo zote.*

Huo urefu ni uongo mtupu. Nimejipima kwenye fremu ya mlango mara mbili tangu siku ile, na nina kila ushahidi. Hayo mengine sina la kusema.